UZI: Mwembamba ana kisukari, mnene hana. Mizani inatuambia nini hasa?

Kipimo_Kwanza (mleta uzi)

Wakuu salaam,

Kila mjadala wa kisukari ukianzishwa, haupiti muda atatokea wa kusema "punguzeni hivyo vitambi", na mwingine atamjibu "mbona namjua mtu mbavu zinahesabika na anajidunga insulini?" Mjadala unafia hapo, kila mtu anaondoka na alichokuja nacho. Nimeona nifungue uzi tulijadili jambo lenyewe: uzito una uhusiano gani na kisukari aina ya pili, na kwa nini uhusiano huo haufuati mizani moja kwa moja. Nasisitiza aina ya pili. Aina ya kwanza ni kinga ya mwili kushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na haina habari na kitambi cha mtu. Tafadhali tusichanganye.

Hoja yangu ni hii: mafuta yamekaa wapi mwilini ni jambo zito kuliko umebeba kilo ngapi. Na kila mtu ana kikomo chake.

Twende taratibu. Kazi ya insulini si kushusha sukari tu. Ndiyo inayoupa mwili habari kwamba chakula kimeingia: misuli ichukue glukosi (sukari ya kwenye damu), ini liache kumwaga glukosi kwenye damu, mafuta yawekwe akiba. Akiba salama iko chini ya ngozi, mapajani, makalioni, mikononi. Hilo ndilo ghala. Likiwa na nafasi, mtu anaweza kunenepa na vipimo vyake vikabaki vizuri miaka mingi. Likijaa, hapo ndipo kikomo chako, mafuta yanatafuta pengine pa kukaa: yanazunguka utumbo, yanaingia ndani ya ini, ndani ya misuli, mpaka kwenye kongosho. Ini lenye mafuta halimsikii tena insulini vizuri, linaendelea kumwaga glukosi usiku kucha wakati umelala na hujala kitu. Ndiyo maana wengine hushangaa kukuta sukari ya alfajiri iko juu. Kongosho linajibu kwa kutoa insulini zaidi, na hiyo insulini nyingi inalisukuma ini litengeneze mafuta zaidi. Mzunguko huo unaweza kwenda miaka kadhaa huku kipimo cha sukari kikisema uko salama, mpaka siku kongosho nalo linaelemewa.

Kuna mambo mawili yaliyonishawishi kuliko mengine. La kwanza ni ugonjwa adimu unaoitwa lipodistrofi. Wenye aina yake ya kurithi iliyo kali huzaliwa karibu hawana mafuta chini ya ngozi. Ukimtazama mtu huyo unaona misuli na mishipa imechomoza, ungedhani ni mwanamichezo. Kumbe ini lake limejaa mafuta na kisukari kinaweza kumpata angali kijana, kikali kuliko cha watu wanene wengi. Hana pa kuyaweka.

La pili ni utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004. Wanawake 15 wanene walifyonzwa mafuta ya chini ya ngozi ya tumbo, takriban kilo 10 kila mmoja. Mizani ilishuka kwa kisu, bila kufunga wala kukimbia. Walipopimwa tena baada ya wiki 10 hadi 12, usugu wa insulini (mwili kutoisikia insulini) ulikuwa palepale, presha palepale, mafuta ya kwenye damu palepale. Mafuta ya kwenye ini na yanayozunguka utumbo hayakuguswa, na ndiyo yenye kesi.

Karibuni.

---

Bonge_Mstaarabu

Mkuu leo umenitetea! Mimi ni mzito na sijifichi, ila sukari yangu ya asubuhi ni 4.9. Kwa hiyo niwaambie wanaonisema kwamba ghala langu lina nafasi?

---

Kipimo_Kwanza

Waambie, ila usishangilie sana. Wanene wenye vipimo vizuri wapo, na si wachache. Tatizo ni kwamba ukiwafuatilia miaka kadhaa, wengi wao hawabaki hapo walipo. Na hiyo 4.9 ni habari ya mwisho kuharibika. Insulini huanza kupanda miaka mingi kabla sukari haijapanda, kwa hiyo sukari nzuri peke yake inaweza kuwa ni kongosho linafanya kazi ya ziada kukufunika.

Ukitaka kujua hali yako, tazama vitu vinavyotembea pamoja. Gerald Reaven wa Stanford ndiye aliyelitilia mkazo jambo hili mwaka 1988: usugu wa insulini hauji peke yake. Unakuja na trigliseridi, yaani mafuta ya kwenye damu, za juu (kuanzia 1.7 mmol/L), HDL, ile kolesteroli nzuri, ya chini (chini ya 1.0 hivi kwa mwanaume, 1.3 kwa mwanamke), presha kuanzia 130/85, kiuno kinapanuka, na sukari ya kufunga kuanzia 5.6. Ukiwa na vitatu kati ya hivyo vitano, mzunguko niliousema umeshaanza hata kama hujawahi kuambiwa una kisukari. Wewe una vingapi?

---

Bonge_Mstaarabu

Presha najua, 138/88. Hizo nyingine sijawahi kupima. Na kiuno naogopa.

---

Siti_Mdadisi

Naomba kuuliza kuhusu BMI. Nani alikaa akaamua 25 ni mwisho wa uzima? Maana mimi nina 26 na daktari ameniandikia "uzito uliozidi" kama kosa la jinai 😀

---

Kipimo_Kwanza

Swali zuri sana dada. Kanuni yenyewe, kilo gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ni ya Mbelgiji Adolphe Quetelet, miaka ya 1830. Huyu alikuwa mtu wa hesabu na nyota, alikuwa anatafuta sifa za "mtu wa wastani". Hakuwa daktari na hakuwa anawaza kisukari. Jina la BMI limekuja na Ancel Keys mwaka 1972. Keys mwenyewe alikuwa anaangalia vikundi vya watu, na kwa kazi hiyo kipimo kinafaa: ukichukua watu elfu kumi, wenye BMI kubwa watapata kisukari wengi zaidi, hilo halina ubishi. Ukimchukua mtu mmoja ndipo kinapoanza kuyumba, kwa sababu hakijui misuli ni ipi na mafuta ni yapi, wala yako wapi.

Kuna picha maarufu kwa wanaofuatilia mambo haya. Mwaka 2004 madaktari wawili, Yajnik wa India na Yudkin wa Uingereza, walichapisha picha yao wamesimama pamoja. Wote BMI 22.3, yaani wote "wazima". Walipopimwa mafuta ya mwili, Yudkin alikuwa na asilimia 9.1 na Yajnik 21.2. Na hawakuficha kwamba mmoja hukimbia marathoni, na mazoezi makubwa ya mwenzake ni kuwahi lifti kabla mlango haujafunga. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watu wa Asia waanze kuangaliwa kuanzia BMI 23, kwa sababu kisukari kiliwapata wakiwa bado na miili midogo.

Kwa hiyo 26 yako si kosa la jinai, ni sababu ya kupima kiuno.

---

Nesi_wa_Zamu

Nimesoma kimya kimya, hapa kwenye kiuno lazima niingie. Watu wanapima vibaya! Wengi wanapima pale mkanda wa suruali unapokaa, na mwenye kitambi mkanda unakaa chini yake, kwa hiyo anapata namba ya kujifurahisha.

Fanya hivi. Chukua futi laini ya fundi cherehani. Inua nguo, simama, miguu imeachana kidogo. Tafuta kwa kidole ubavu wa mwisho chini, ubavuni siyo mbele. Kisha tafuta ncha ya juu ya mfupa wa nyonga upande huohuo. Katikati ya hapo ndipo futi inapopita. Izungushe ilale sawa pande zote, mgongoni ndipo inapopenda kushuka, mwombe mtu akuangalizie. Iguse ngozi isiibane. Pumua kawaida, toa pumzi, soma mwisho wa kutoa pumzi. Usivute tumbo ndani, hapa hakuna wa kumvutia.

Namba rahisi ya kukumbuka: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Urefu sentimita 170, kiuno kisifike 85. Inafanya kazi kwa mwanamke na mwanaume, mrefu na mfupi. Uingereza waliiweka kwenye mwongozo wao wa matibabu mwaka 2022.

La pili, ni muhimu zaidi, na sijaona mtu amelisema. Ukiona unapungua BILA kutaka, huku una kiu, unakojoa sana na umechoka, usijipongeze. Wakati insulini haitoshi, mwili unakojoa sukari na unakula misuli na mafuta yake wenyewe. Nimepokea watu walioanza kusifiwa kwamba wamependeza, wanafika kwetu sukari imepita uwezo wa mashine kusoma. Huyo hasubiri miadi, anakwenda siku hiyohiyo.

---

Kengele_ya_Hatari

Hizi zote ni hadithi. Kisukari ni cha kurithi. Sisi ukoo mzima tunacho, baba, mashangazi, babu. Mnene kapata, mwembamba kapata. Kama umeandikiwa umeandikiwa, mniache nile.

---

Kipimo_Kwanza

Kurithi kupo mkuu, na ni kukubwa. Ila jiulize unarithi nini. Unaweza kurithi kongosho lisilohimili kazi ya ziada, unaweza kurithi uwezo mdogo wa kuhifadhi mafuta chini ya ngozi. Vyote viwili vinashusha kikomo chako. Maana yake wewe unafika kwenye hatari na kilo chache kuliko mwenzako, na kilo chache ukizipunguza zinakurudisha upande salama. Kwa ukoo kama wenu kilo tano zina uzito kuliko kwa mtu mwingine.

Hata tumboni mwa mama mambo huanza. Waholanzi waliotungwa mimba au kubebwa wakati wa njaa ya vita ya mwaka 1944 na 1945 walipimwa wakiwa watu wazima, wakakutwa miili yao inashindwa kuimudu glukosi kuliko wenzao. Hakuna aliyewauliza.

Lakini "umeandikiwa" hapana. China, mji wa Daqing, mwaka 1986 walichukua watu 577 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliopewa mpango wa chakula na mazoezi kwa miaka sita, walipofuatiliwa hadi miaka 30, kisukari kilichelewa kwao kwa karibu miaka minne. Wafini nao, watu 522, hatari ilipungua kwa asilimia 58. Marekani mwaka 2002, watu 3,234, ni asilimia 58 tena, huku dawa ya metformini ikipunguza kwa 31. Lengo lao halikuwa la kutisha: kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea kwa nguvu dakika 150 kwa wiki. Mwenye kilo 90 ni kilo 6 na kidogo. Walipochambua baadaye wakaona kila kilo moja iliyopungua ilishusha hatari kwa asilimia 16 hivi. Hakuna aliyetakiwa awe mwembamba.

---

Kengele_ya_Hatari

Kuchelewa siyo kukwepa.

---

Nesi_wa_Zamu

Kengele, miaka minne bila kisukari ni miaka minne macho na figo zako hazikai kwenye sukari. Ungeviona vidonda vya miguu ninavyovisafisha ungeitaka hata miwili.

---

Fundi_Umeme

Wadau, kuna wanaosema kisukari kinapona ukipunguza uzito. Nina miaka mitatu nacho, natumia vidonge. Ukweli ni upi?

---

Kipimo_Kwanza

Neno "kupona" madaktari wengi wanaliogopa, wanasema kisukari kimetulia: sukari imerudi chini ya kiwango cha ugonjwa bila dawa, na kinaweza kurudi. Hapo ushahidi upo na ni mzito.

Roy Taylor wa chuo kikuu cha Newcastle ndiye aliyeusukuma. Mwaka 2011 alionyesha kwa watu 11 waliokula kalori 600 tu kwa siku: ndani ya wiki moja mafuta ya ini yalishuka na sukari ya asubuhi ikarudi kawaida. Kongosho lilichukua wiki nane kurejesha nguvu. Kisha ukaja utafiti mkubwa, Scotland na kaskazini ya Uingereza, matokeo ya mwaka wa kwanza yakatoka 2017. Wagonjwa karibu 300 wenye kisukari kisichozidi miaka sita na wasiotumia insulini. Nusu walipewa vyakula maalumu vya kalori kama 850 kwa siku, miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishwa chakula cha kawaida polepole. Baada ya mwaka, asilimia 46 ya hao hawakuwa na kisukari na hawatumii dawa. Kundi la matibabu ya kawaida ni asilimia 4. Waliopunguza kilo 15 na kuendelea, asilimia 86. Walioongezeka uzito, hakuna hata mmoja. Mwaka wa pili ilibaki asilimia 36, maana uzito nao ulianza kurudi.

Na kwa wale wa "mbona mwembamba kapata": mwaka 2023 timu hiyohiyo ilijaribu kwa watu 20 wenye BMI isiyozidi 27. Walipopunguza karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wao, 14 kisukari kilitulia. Watu ambao mtaani ungewaambia waongeze kula! Hapo ndipo mimi nilipoacha kuutilia shaka mjadala wa kikomo cha kila mtu.

Wewe miaka mitatu uko ndani ya muda mzuri. Kadiri kinavyokaa, seli za kongosho zinachoka na nafasi inapungua.

---

Nesi_wa_Zamu

Fundi, tafadhali usiende kujifungia ndani na kuanza kalori 850 peke yako. Kama vidonge vyako ni vya kundi la glibenklamidi au glimepiridi, vinalazimisha kongosho litoe insulini ule usile. Ukikata chakula ghafla na dawa ileile, sukari itashuka mpaka uanguke. Dawa za presha nazo hupunguzwa, uzito ukishuka presha hushuka pia. Kwenye ule utafiti dawa zilisimamishwa na daktari siku ya kwanza. Nenda na wazo hilo kwa anayekutibu, mpange pamoja.

---

Mjuzi_wa_Gym

Mnaongea chakula tu. Misuli je? Mimi nina wateja hawapungui hata kilo moja ila sukari inashuka.

---

Kipimo_Kwanza

Uko sahihi na nilikuwa nakuja huko. Misuli ndiyo mlaji mkubwa wa glukosi baada ya chakula, na ukiifanyisha kazi inafungua mlango wake bila kusubiri insulini. Athari hiyo hukaa saa kadhaa, kwa wengine mpaka siku ya pili. Ndiyo maana kutembea dakika kumi na tano baada ya kula kunaonekana kwenye mashine hata kama mizani haijui. Na mtu anaweza kubadilishana, mafuta ya tumbo yanatoka, misuli inaingia, kilo zilezile. Huyo mizani inamvunja moyo bure. Futi ya Nesi itamwambia ukweli.

Ila tusidanganyane: mazoezi peke yake kwa kupunguza kilo ni kazi ngumu. Vinywaji vya sukari vitakurudishia kwa dakika mbili ulichokitoa kwa saa nzima.

---

Nesi_wa_Zamu

Na usingizi! Sisi wa zamu za usiku tunaulizana kwa nini tunanenepa. Mwaka 1999 kule Chicago vijana 11 wazima waliachwa walale kwa muda wa saa nne tu kila usiku, siku sita mfululizo. Miili yao ilianza kuishughulikia glukosi kama watu wa hatua ya kabla ya kisukari. Walipoachwa walale, hali ikarudi.

---

Siti_Mdadisi

Na sindano za kupunguza uzito?

---

Kipimo_Kwanza

Zinafanya kazi. Semaglutaidi, moja ya sindano hizo, kwenye utafiti wa 2021 ilipunguza wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68. Walioacha, mwaka mmoja baadaye walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya walichopunguza. Ni dawa ya muda mrefu, ya kuandikiwa, na ya mitandaoni bila cheti kaa nayo mbali. Zaidi ya hapo inahitaji uzi wake.

---

Mama_Mapacha

Samahani nachelewa kuingia. Ujauzito uliopita niliambiwa sukari imepanda, nikajifungua ikaisha. Sasa mtoto ana miaka minne, kiuno ni 97 na urefu 164, na shingoni nyuma ngozi imekuwa nyeusi na nene, nasugua haitoki. Sukari ya kidole juzi 6.3 nikiwa sijala. Wakaniambia niko sawa.

---

Nesi_wa_Zamu

Mama, acha kusugua, huo si uchafu. Ngozi ya aina hiyo shingoni au kwapani mara nyingi ni alama ya insulini nyingi kwenye damu, na hupungua yenyewe insulini ikishuka. Nusu ya urefu wako ni 82, kiuno kimezidi kwa sentimita 15. Aliyepata kisukari cha ujauzito ana hatari mara kadhaa ya kukipata baadaye, hata kama kiliisha siku ya kujifungua. Ulitakiwa upimwe tena wiki chache baada ya kujifungua, kisha kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Na 6.3 bila kula siyo "sawa". Kisukari ni 7.0, lakini 6.1 mpaka 6.9 ni hatua ya kabla yake kwa vipimo vyote vinavyotumika duniani.

Nenda maabara wachukue damu ya mshipa, siyo ya kidole. Usile kwa muda wa saa nane kabla, maji ruksa. Omba HbA1c, inaonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu: asilimia 6.5 na kuendelea ni kisukari. Kama una selimundu au upungufu wa damu waambie mapema, kipimo hicho kinadanganya. Omba na trigliseridi, HDL na presha. Ukipata majibu yalete hapa, ila ondoa jina lako.

---

Bonge_Mstaarabu

Nimepima kiuno. 118, urefu 176. Nesi, hiyo HbA1c na mimi nianze nayo au hizo za mafuta?

---

Nesi_wa_Zamu

Zote siku moja, mkono uleule mmoja. Na hiyo 138/88 rudia kupima ukiwa umekaa umetulia dakika tano.